Jina Lililozikwa kwa Balansha

Wiki jana niliwaacha nimepanda nyuma ya pikipiki ya Yassine, mtoto kifuani, njia ya Bendera mbele yetu, na baadhi yenu mmepita kibandani kwangu kuniuliza kama nina akili. Sikuwa nazo. Mwanamke ambaye mtoto wake amekataa titi siku kumi na moja hana akili, ana miguu tu.

Kwa wale wanaonikuta leo: jina langu ni Huguette, na ninapiga mashine na kutoa fotokopi hapa Kalemie. Nilingoja mtoto miaka saba. Alipokuja, akalia. Alilia mwezi wa kwanza, akalia wa pili, daktari akamgeuza huku na huku asione kitu. Wazee wakasema kilio kile si cha tumbo, mtoto analilia jina. Kwetu mtoto anakuja na jina lake tayari, jina la marehemu wa ukoo anayetaka kukumbukwa, na kazi ya wazee ni kulitafuta. Mama anamweka mtoto kwenye titi, mzee anataja wafu mmoja mmoja, na yule ambaye akitajwa mtoto ananyonya, basi huyo ndiye mwenye mtoto.

Papa Lambert, mdogo wa marehemu baba yangu, alitaja wafu kumi na tisa. Kwa wa ishirini alikuwa amechoka. Akasema, "Labda ni ule Mama Françoise, dada ya nyanya yenu, ule alibakia mu pori kwa Balansha." Mwanangu akashika titi kama kupe.

Sasa dhambi yangu ni hii, na ninaiandika bila kuipaka sukari. Papa Lambert aliniambia, "Ngoja kwanza, niende Zongwe niulize wakubwa muzuri." Sikungoja. Ubatizo ulikuwa Jumapili, padri alitaka jina, na jina lenyewe nilikuwa nimeshalipenda. Françoise. Lina kale kamkia chini ya c, linakaa vizuri kwenye cheti. Nililipiga mashine mwenyewe, kwa herufi kubwa.

Na kuna jambo lingine ambalo sijawahi kumwambia mtu. Miaka saba watu waliniita Huguette, jina tupu, kama msichana, huku wenzangu wote sokoni wakiitwa Mama fulani, Mama fulani. Jioni ya ubatizo mtaa mzima ulianza kuniita Mama Françoise. Nililia kwa furaha nyuma ya nyumba, karibu na jiko. Kuuliza si ujinga, wanasema, lakini furaha haiulizi.

Siku tatu mtoto alinyonya. Siku ya nne akageuza uso, na tangu hapo hakurudi. Kilo tano na nusu zikawa nne na gramu mia tatu. Nilimpa maziwa ya mkebe kwa kijiko, nusu yakiingia, nusu yakipita shavuni. Papa Lambert akarudi kutoka Zongwe na neno moja: jina la marehemu halichukuliwi kama sabuni dukani. Mtoto apelekwe kwenye kaburi la mwenyewe, apakwe pemba, ule udongo mweupe, aonyeshwe. Mama Adolphine, mama mkwe wangu, mkristo kuliko padri, alisema, "Mutoto akikufia kule pori, usirudie kwangu." Mume wangu yuko Moba kikazi. Kwa hiyo nilipanda pikipiki.

Balansha ndiye Blanchard, Mbelgiji aliyelima kahawa ndani ya msitu, mbali kidogo na njia ya Bendera. Watu huitaja nyumba yake kama wanavyotaja ugonjwa, kwa sauti ya chini. Tulifika kwenye daraja lake karibu saa tano asubuhi. Daraja lilikuwa limebaki vyuma viwili na maji chini yake.

"Mama Françoise," akasema Yassine, "pikipiki haivuke hapa. Miye ntangojea hapa hapa."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Niko na heshima."

Yassine ni mtoto wa wafanyabiashara wa ziwani, watu wa msikiti, na siku zote anajua neno zuri la kufunika jambo baya. Alisugua kioo cha pikipiki ambacho hakikuwa na uchafu.

"Mama Françoise, nikuambie kitu? Kila mwezi kuko muntu mumoja wa Bendera ananipa chumvi na sabuni nilete huku. Naweka juu ya hili jiwe, napiga honi mara mbili, naenda. Nikirudia mwezi mwingine, hakuna kitu."

"Nani anachukua?"

"Sijamuona. Na sijamutafuta."

"Basi kuna mtu."

"Kuko chumvi inayopotea," akasema. "Hiyo tu njo najua. Saa tisa ntapiga honi. Saa kumi ntapiga tena. Kisha hapo mvua ya mulima inashuka, ile njia yote inakuwa matope, na miye niko na batoto. Unanisikia?"

Nikamwambia nimemsikia. Nikavua viatu, nikakanyaga chuma, nikavuka. Mwanangu alikuwa akilia tangu Kalemie, ile sauti yake nyembamba ya siku za mwisho mwisho, isiyo na nguvu ya kupanda. Nilipoingia kwenye mikahawa, ile miti ya kahawa ya Balansha, akanyamaza.

Msifikiri nilifurahi. Mtoto mgonjwa akinyamaza ghafla, mama anaweka sikio puani kwanza. Alikuwa anapumua. Macho yalikuwa wazi, anatazama juu, kwenye ile mikahawa ambayo hakuna aliyeikata tangu Wabelgiji waondoke, imerefuka hadi imekuwa msitu ndani ya msitu. Nikatembea nikiimba ili nisikie mtu.

Nyumba ni ya mawe. Nusu ya paa imeanguka na mti umetoka chumbani. Nilitegemea popo, nyoka, na mavi ya mbuzi. Lakini baraza lilikuwa limefagiliwa. Mistari ya ufagio ilikuwa bado mibichi kwenye vumbi, na hakuna mguu uliokuwa umeikanyaga.

"Hodi," nikasema.

"Karibu. Jua kali hivi na mutoto mudogo?"

Alikuwa ameketi pembeni, kwenye ngazi ya pili, anachagua maharage kwenye ungo. Mama mzee, kikwembe cha zamani kilichofuliwa hadi maua yake yamepotea, kitambaa kichwani, ngozi yake ya rangi ya karanga iliyomenywa. Nilikuwa nimepita hatua tatu kutoka kwake bila kumwona. Nikamsalimu kwa magoti kama ipasavyo, akaitikia vizuri, akanionyesha pa kukaa.

"Tumetoka Kalemie, Mama. Tunatafuta kaburi."

"Makaburi iko mengi hapa. Ya nani?"

"Ya dada ya nyanya yangu. Alitumika hapa wakati wa Balansha."

Akaendelea kuchagua. Maharage mazuri huku, mabovu huku.

"Na mutoto, jina lake nani?"

"Françoise."

Mkono ukasimama juu ya ungo.

"Sema tena."

"Françoise, Mama."

"Nani alimupa hiyo jina?"

"Wakubwa wa ukoo. Na padri."

Akainua uso, akanitazama. Macho yake yalikuwa mepesi, rangi ya chai yenye maziwa, si macho ninayoyaona kila siku.

"Kwa hiyo weye njo Mama Françoise," akasema.

"Ndiyo, njo miye," nikajibu, na aibu yangu ni kwamba hata pale, baada ya yote, nilisikia raha kidogo kuitwa hivyo.

Akaweka ungo chini. "Kuja," akasema.

Tukapita nyuma ya jiko la zamani. Pale palikuwa na kaburi moja, limepaliliwa, na msalaba wa simenti kichwani. Nilipiga magoti, nikatoa pemba kwenye kitambaa, nikachovya kidole, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema yale maneno niliyofundishwa na Papa Lambert: bibi, mtoto wako huyu, tumemleta umwone. Ndipo nikasoma. Mtu alikuwa ameandika kwa kidole simenti ikiwa mbichi: FRANÇOISE 1949–1955.

Mimi kazi yangu ni tarehe. Attestation ya kuzaliwa, attestation ya kufa, vyeti siku nzima, natoa mwaka huu kwenye mwaka ule. Lakini hesabu ile niliirudia mara tatu. Miaka sita. Dada wa nyanya yangu hawezi kufa na miaka sita. Na kaburi lilikuwa fupi, kama meza.

Wasomaji wangu, nyote mnajua kinachofuata, kwa sababu nyote mngefanya kosa hilohilo. Kwetu neno Mama lina milango miwili. Ukisema Mama Adolphine, unaweza kumaanisha yule mama anayeitwa Adolphine, na ni heshima tu. Au unaweza kumaanisha mama aliyemzaa Adolphine. Papa Lambert alisema Mama Françoise. Mimi nikaingia kwa mlango wa kwanza bila kubisha. Mtaa mzima ulikuwa unaniita Mama Françoise kwa sababu ya mwanangu, nami sikuona kwamba na yule marehemu aliitwa hivyo kwa sababu ya mwanawe. Sikumpa mwanangu jina la bibi. Nilimpa jina la mtoto aliyekufa.

Pemba ikadondoka. Niliogopa kwelikweli, nasema wazi. Jina la mtu aliyezeeka linamvuta mtoto mbele. Jina la mtoto wa miaka sita litamvuta wapi?

"Mama," nikasema, "huyu mutoto alikufa na nini?"

"Hakufa."

"Kaburi yake njo hii."

"Kaburi yake njo hii," akakubali. "Lakini hakufa. Njo miye."

Nilimtazama, nikautazama msalaba. Akacheka kidogo bila kufungua mdomo, akaketi kwenye ukingo wa kaburi lake mwenyewe jinsi mtu anavyoketi kwenye kitanda.

"Balansha alikuwa baba yangu," akasema. "Kila muntu alijua. Yeye peke yake njo hakujua. Wakati ule serikali ya Babelgiji ilikuwa inaokota batoto ba rangi kama miye, kuwapeleka mbali kwa masista, mama zao hawawaone tena. Motokari ilikuwa inapita. Wakasema imefika Niemba. Kisha wakasema iko njiani. Mama akakata mugomba, kipande kinene urefu wangu, akaufunga mu kikwembe, akauzika hapa. Akalia mpaka sauti ikakatika. Balansha akaja, akalia na yeye, akaandika jina mu simenti na kidole chake. Agent wa serikali akafika, akasoma, akafuta jina mu karatasi yake, akaenda."

"Na weye ulikuwa wapi?"

"Juu ya magunia ya kahawa. Nilikuwa naona yote. Nilimuona mama anilie." Akasugua goti lake. "Kutoka ile siku alikatazia watu wote wasiniite. Hata yeye. Aliniita 'we'. We, kuja. We, kula. Balansha akakimbia, Babelgiji wote wakakimbia, hakuna tena motokari. Mama bado anasema 'we'. Alizoea. Aliniogopea jina mpaka alikufa."

Niliona huruma, na chini ya huruma kulikuwa na hesabu nyingine ndogo ikiendelea: kama hajafa, basi jina la mwanangu si la mtoto maiti, basi labda tumepona. Mama wa mtoto mgonjwa ni mchoyo hata wa huruma.

"Kisha Jumapili ile," akasema, "nikaisikia."

"Jumapili gani?"

"Ile ya kanisa lenu. Muntu alisema Françoise. Miaka makumi saba sijaisikia, nilizani nitaanguka. Nikaitika. Nilitoka mpaka kule nje kuitika, hakuna muntu."

"Mama, kutoka hapa mpaka Kalemie..."

"Jina ni yangu. Ningekosa kuisikia?" Akalivuta kitambaa chake sawa. "Siku tatu nilikuwa na furaha. Siku ya ine chakula kikakataa kupita. Natafuna, kinarudi. Uone mikono yangu."

Mikono ilikuwa mifupa. Nilihesabu siku zangu na siku zake, na zilikuwa zilezile.

"Mumefanya mubaya," akasema, na hakusema kwa hasira. "Muzima akitaka kugawanya jina lake, anamushika mutoto, anamupa na mukono wake. Nyie mulimutafuta mu wafu. Mulinitaja pamoja na wafu, miye nikiwa napika maharage. Sasa jina iko moja na sisi tuko wawili. Haitoshe."

"Nisamehe, Mama. Sikuuliza."

"Ninaona."

Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu langu lilikuwa zima kabisa, kilichokuwa kinavunjika ni mtoto. Nikaanza kusema haraka haraka, jinsi ninavyobembeleza watu wa ofisi ya mkoa. Nilisema nitalirudisha jina lake, nitafuta cheti, nitarudi kwa padri hata kama atanifukuza. Lakini mwanangu alishika titi siku ile bibi alipotajwa. Anamtaka bibi, yule mama mwenyewe. Anipe jina la mama yake, lile la kuzaliwa, nitaliita sasa hivi, hapa hapa, mtoto anyonye.

Akapangusa vumbi kwenye msalaba.

"Sijui," akasema.

"Ginsi gani haujui? Ni mama yako."

"Weye mama yako ulikuwa unamuita nani?"

"Mama."

"Njo vile. Miye nilimuita Mama. Watu wote walimuita Mama Françoise. Kisha hii kaburi ikachimbwa, hata hiyo jina walikatazwa. Wakati alikufa, ndugu zake wa Zongwe hawakufika. Nilimuzika peke yangu, kule mu mikahawa. Sikuweka musalaba." Akanigeuzia yale macho ya chai. "Ningeandika nini?"

Niliketi chini. Nimepiga mashine majina ya watu miaka kumi, ya walio hai na ya wasiokuwepo, majina yenye makosa, majina yaliyobadilishwa kwa ajili ya shule. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kulitoa jina lake kwa mtoto, kisha akamficha mtoto, akabaki bila kitu. Nililia. Mwanangu alinitazama kwa utulivu wa mtu mzima, midomo imekauka, na shimo la utosi lilikuwa limeingia ndani.

Kutoka darajani ikaja honi ya Yassine. Saa tisa. Sikuelewa saa nne zimepita wapi, tulikuwa tumeongea kidogo tu.

"Kuko pahali moja jina yake imeandikwa," akasema yule mama.

Nikafuta uso.

"Kila muntu wa kazi alikuwa na buku yake. Kitabu kidogo, cha Babelgiji, jina yako, jina ya baba yako, kijiji. Siku ya mugomba, Mama aliweka yake mu mukebe wa biskiti ya Balansha, akaizika pamoja. Hakutaka yule agent amuulize we ni nani, mutoto wako iko wapi. Iko hapa chini." Akapiga kaburi kwa kiganja, mara mbili, kama mtu anayempapasa ng'ombe. "Jembe iko nyuma ya mulango wa jiko."

Sasa nisikilizeni, kwa sababu najua mtakavyonihukumu. Mama anayenyonyesha hashiki jembe la kaburi. Hata kupita karibu na wachimbaji anakatazwa, atakausha maziwa. Kaburi linachimbwa na wanaume, na linachimbwa mara moja. Nilijua yote hayo. Nilijua pia kilo nne na gramu mia tatu, na kwamba hiyo ilikuwa juzi.

"Nani atamushika mutoto?" nikauliza.

"Mulete. Miye sina kazi."

Nilimfungua kifuani. Nilimpa. Hakulia. Yule mama alimshika vizuri, kichwa kwenye kiwiko, kama mtu aliyelea watoto kumi, akaenda naye barazani kukwepa jua, nami nikachukua jembe.

Udongo wa msitu ni mwepesi. Yule aliyechimba mwaka 1955 alikuwa mwanamke, peke yake, na alikuwa na haraka, kwa hiyo halikuwa shimo refu. Nilichimba nikisali Salamu Maria na katikati yake nikichanganya maneno ya Papa Lambert, yeyote atakayesikia asikie. Nilipofika kiunoni nikatazama barazani.

Alikuwa amefungua blauzi yake. Bibi wa miaka sabini na sita, kifua kimelala kama mfuko uliotolewa unga. Mwanangu alikuwa amelishika lile titi. Shavu lilikuwa linakwenda juu na chini, juu na chini, na koo lake dogo lilikuwa linameza.

Nifanye nini, nikasirike? Mtoto aliyenikataa siku kumi na moja alikuwa ananyonya. Niliona wivu ambao sijawahi kuuona, hata kwa mwanamke aliyemtaka mume wangu. Nikainama, nikachimba kwa nguvu ili nisitazame tena.

Jembe likagonga kitu. Nikafikiri ni mkebe. Nikapiga magoti, nikafukua kwa vidole.

Hakikuwa mkebe. Kilikuwa chembamba, cha manjano, na pembeni yake palikuwa na shanga, zile ndogo nyekundu na nyeupe tunazowafunga wasichana wadogo kiunoni. Uzi ulikuwa umeoza lakini shanga zilikuwa bado zimelala kwa mstari, jinsi zilivyouzunguka mwili. Nikafukua kidogo zaidi. Kulikuwa na mbavu. Kulikuwa na mkono, na mkono ule ulikuwa umewekwa juu ya mkebe wa biskuti, kana kwamba mtu alimpa mtoto mkebe aushike.

Mgomba unaoza ukabaki maji. Mgomba hauna mifupa.

Sikupiga kelele. Mwanangu alikuwa barazani, kwenye mikono ambayo sasa sikujua ni ya nani, na kitu pekee nilichofikiri ni kwamba nisimshtue aliyemshika.

"Umeipata?" akauliza kutoka kule. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Nimeipata."

"Mifupa usiogope. Ni kidogo tu."

Hilo ndilo alilosema. Nimelirudia kichwani kila siku tangu hapo. Nikautoa mkebe kwa upole, nikafungua. Kitabu kilikuwa ndani, kimefungwa kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta ya mawese, mchwa hawakukigusa. Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa karani, wino wa kahawia. Jina lilikuwa hapo, zima.

Honi ya Yassine ikalia tena. Saa kumi. Kule juu mlimani mvua ilikuwa imeanza kunguruma.

"Soma," akasema yule aliyekuwa barazani. "Soma kwa nguvu. Toka ile siku, ananiita 'we' tu. Miye nikimuita na jina yake, atageuka."

"Nipe kwanza mutoto, Mama."

"Soma kwanza. Mutoto anakunywa. Ukimutoa sasa, hatarudia tena kunyonya, kwako wala kwangu."

Nilikuwa nimesimama kaburini hadi kiunoni, miguu yangu pande mbili za mtoto wa miaka sita, na kitabu mkononi. Nikisoma, nilikuwa namwita marehemu kwa ajili ya yule aliyemshika mwanangu, na sikujua atakuja kumchukua nani. Nisiposoma, nilikuwa narudi Kalemie na mtoto asiye na jina na asiye na titi, na nilijua siku zilizobaki ni ngapi. Mwanangu alimeza tena. Nilimsikia kutoka pale.

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti, jina la kwanza, jina la baba, jina la kijiji, silabi moja moja, jinsi ninavyowasomea wateja karatasi zao kabla hawajatia kidole.

Na nyuma yangu, ndani ya mikahawa alikozikwa mwenye jina lile, mtu akaitika.